Shangazi, mume wangu ameahidi kanisani bati za mali kauli

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, tunaishi Makambako. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na tangu mwaka juzi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Sisi ni Walutheri wa kuzaliwa, wote wawili.

Nianze kwa kusema kwamba sina kesi ya ulevi wala ya nyumba ndogo. Mume wangu hanywi, hanipigi, saa mbili usiku yuko mezani na watoto. Ndiyo maana kila ninayemgusia shida yangu ananiambia nimshukuru Mungu, wengine wanalia.

Jumapili kwetu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nachemsha maji ya kuogea watoto, maana baridi ya huku mwezi wa sita si ya kuchezea. Nakaanga maandazi, nanyoosha suti ya baba, natafuta soksi ya pili ya mdogo wao ambayo haijawahi kuwa pamoja na mwenzake, napanga bahasha: ya ahadi, ya ujenzi, ya shukrani, na sarafu za watoto. Yeye saa moja kasoro ameshaondoka kwenda kupokea waumini. Nikifika na watoto, mmoja analia, ananipokea mlangoni kwa mikono miwili: "Bwana asifiwe mama, karibu sana." Sauti hiyo nyumbani huwa naisikia akipokea simu za watu wa kamati tu.

Sasa niseme lililonileta. Mwezi wa tano tulikuwa na harambee ya kupaua kanisa. Mgeni rasmi alitoa chake, wakafuata wageni wake, halafu MC akauliza, "Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi mko wapi? Kanisa la Mungu linyeshewe nanyi mpo?" Mume wangu akasimama. Akasema, "Mimi na Mama Upendo tunatoa bati sitini, geji 28." Mimi na Mama Upendo! Mimi ndiyo kwanza nazisikia hizo bati, nimekaa na wenzangu wa Umoja wa Wanawake. Watu wote wakanigeukia. Vigelegele vikapigwa, na mimi nikapiga, ningefanyaje?

Shangazi, zile bati ni za mali kauli. Tajiri wa Dar alimletea mzigo, tumlipe mwisho wa mwezi wa saba. Mwisho wa mwezi huo huo Upendo, aliye kidato cha pili shule ya bweni ya binafsi, anatakiwa kumaliziwa ada. Bati moja dukani tunaiuza 32,000, piga mara sitini. Na kanisa lenyewe mafundi bado wako kwenye linta, hata kenchi hazijapanda.

Duka nalo linapungua. Zamani nilikuwa namsaidia kuandika daftari, naijua hesabu yake. Mfuko wa saruji ananunua 16,200, anauza 17,000. Jioni anajumlisha mauzo yote, anatenga fungu la kumi la mauzo, anasema hiyo ni ya Bwana haiguswi. Nikimwambia pesa ile bado ina mtaji ndani yake, ananisomea Malaki 3. Anasema duka linayumba kwa sababu mimi nina mashaka.

Sasa anataka mambo mawili. La kwanza, nikakope milioni moja na nusu kwenye kikoba chetu tumlipe tajiri. La pili, ameanza kuulizia hati ya nyumba, eti kuna afisa wa benki anafahamiana naye. Nimekaa kimya yote mawili, na kimya changu kimekuwa vita. Hanigombezi. Ananiombea. Kwenye sala ya jioni, watoto wamefumba macho, anasema, "Bwana, wako wanaoishi ndani ya nyumba hii mioyo yao imekuwa migumu juu ya kazi yako, wavunje, Baba." Juzi mdogo ameniuliza jikoni, "Mama, baba huwa anasali au anakusema?"

Kuna jingine dogo. Mwaka jana nilishonea kwaya ya vijana majoho ishirini na nane. Walilipa nusu, nikawa nasubiri nusu. Mume wangu akiwa kwenye kikao chao akawaambia inayobaki ni sadaka yetu. Nililijua hilo siku nilipokwenda kudai.

Na sasa tumepangiwa na mchungaji tuwafundishe vijana watatu wanaotangaziwa ndoa. Somo letu ni "Fedha katika nyumba ya Kikristo". Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nifanye nini? Nikakope? Nimwambie mchungaji? Nikatae kufundisha? Sitaki kumwaibisha. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa kanisa hilo hilo la zamani, alikufa bila hata kiwanja, na mume wangu anasema akifa yeye anataka watu waseme aliacha kitu pale.

Mama Upendo (si jina langu), Makambako

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeipenda kwa sababu imeandikwa na mtu anayejua bei ya saruji. Wanaoniandikia kuhusu fedha na ndoa wengi wananiletea machozi bila namba, nami nabaki kupapasa. Wewe umeleta 16,200 na 17,000. Basi tuanzie hapo, maana hapo ndipo duka linapofia, na hakuna shetani anayehusika.

Mfuko mmoja wa saruji unampa mumeo faida ya 800. Fungu la kumi la mauzo ya mfuko huo ni 1,700. Maana yake kila mfuko anaouza anapoteza 900, kabla ya kodi ya fremu, kabla ya mshahara wa kijana wa duka, kabla ya kibarua aliyeshusha mzigo. Akiuza sana, anapoteza sana. Siku ya biashara nzuri ndiyo siku ya hasara kubwa. Misumari na rangi labda zina nafuu kidogo, lakini nani anaendesha duka la ujenzi kwa misumari? Kinachojaza pengo ni mali kauli: mzigo wa tajiri unauzwa, kumi yake inakwenda kwenye bahasha, na deni linabaki Dar likikua. Kwa hiyo si mashaka yako yanayolitafuna duka. Mwambie Shangazi kasema, ukitaka, ingawa nashauri ulete hoja bila kunitaja. Wanaume hawapendi kusikia hesabu zao zimesomwa na shangazi wa mtu.

Fungu la kumi la faida ya mfuko huo ni shilingi 80. Najua atasema ni kumpunja Mungu. Basi afungue Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Zaka iliyoagizwa pale inatoka katika mazao ya shamba, mwaka baada ya mwaka. Mkulima hakuambiwa akate sehemu ya kumi ya jembe, wala ya mbegu aliyoazima kwa jirani. Mtaji wa mumeo ndiyo jembe lake, na jembe lenyewe kwa sasa ni la tajiri. Ninyi huko kwenye viazi na mahindi mnalijua hili kuliko mimi. Hakuna anayekwenda kwenye mnada wa mavuno na gunia la mbegu aliyokopa.

Sasa bati. Hapa sitakuwa mpole sana. Kuna mtu katika Biblia aliyetaka kumtolea Mungu akapewa vya bure. Ni Daudi, 2 Samweli 24. Alikwenda kwa Arauna Myebusi kununua kiwanja cha kupuria ajenge madhabahu, Arauna akamwambia chukua kiwanja, chukua ng'ombe, chukua na kuni, vyote bure. Daudi akakataa. Akasema hawezi kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu chochote, akalipa shekeli hamsini za fedha. Na Arauna alikuwa ametoa kwa hiari yake! Tajiri wa Dar hata hajui kwamba bati zake zimeokoka. Mumeo amesimama mbele ya usharika akatoa mali ambayo bado haijawa yake, akaweka na jina la mke ambaye hakuulizwa. Kama wazee wenzake wangelijua hilo sidhani kama vigelegele vingekuwa vikubwa vile.

Lakini tusimfanye mwizi, si mwizi. Nimerudia mara kadhaa ule mstari wako wa mwisho, wa mpiga kengele. Mtoto wa mtu aliyevuta kamba ya kengele ya kanisa maisha yake yote, akazikwa hana kiwanja, siku moja anasikia MC anauliza wenye maduka mko wapi. Unadhani angekaa? Paa lile kwake lina jina la babake. Nakwambia haya si kwa sababu yanalipa deni, hayalipi. Nakwambia ili ukienda kuongea naye usianze na bati. Ukianza na bati utakuwa unabomoa paa la baba mkwe, naye atapigana.

Na wewe ulipiga vigelegele. Sikulaumu, mwanamke gani angenuna katikati ya Umoja wa Wanawake? Ila ujue yeye alivihesabu kuwa ridhaa. Akisema "wewe mwenyewe ulifurahi", hatakuwa anakusingizia. Mwambie wazi: nilipiga kukustiri mbele za watu, na nyumbani sikuulizwa kabla wala baada.

Uliyoniuliza sasa.

Kikoba, hapana. Usikope hata laki. Pesa ya kikoba si ya benki, ni ya mama anayeuza nyanya stendi na mama anayechoma mahindi, na mkopo wako unasainiwa na wadhamini wawili watatu kati ya hao hao. Ukishindwa rejesho, watakaokatwa hisa zao ni wao. Utakuwa umefanya kile kile alichofanya mumeo: umetoa kanisani mali ya watu ambao hawakuulizwa. Tena mkopo wa kikoba uko kwa ajili ya kuzungusha. Ukinunua kitambaa, ukashona sare za shule, rejesho linatoka kwenye sare. Bati iliyoko juu ya kanisa haileti rejesho. Mwambie hivyo, kwa sauti ya kawaida, mara moja, na kuanzia hapo jibu liwe hilo hilo. Kukaa kimya ulikokuwa nako kumemfanya adhani bado unafikiria.

Hati ya nyumba. Hapa simama imara, na hapa huhitaji kugombana, sheria imeshasema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kupangisha, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani. Afisa wa benki anayefahamiana naye anaijua vizuri, ndiyo maana siku moja utaletewa karatasi uambiwe "weka saini hapa tu, ni utaratibu". Hiyo saini ndiyo nyumba. Usisaini karatasi ambayo hukuisoma yote, na ukiulizwa kama umeridhia, sema ukweli. Mtu akikuambia mke Mkristo hamnyimi mumewe saini, mjibu kwamba utii wako haujawahi kuwekwa dhamana benki, na hutaki uanze leo.

Atauliza, na ana haki ya kuuliza: sasa tajiri tutamlipaje? Jibu ni kwamba bati zilizopo dukani ziuzwe. Ndiyo, zile sitini. Mafundi wako kwenye linta. Bati zikipelekwa leo zitakaa stoo ya usharika miezi, zinakwaruzana, na panya hawana heshima ya wakfu. Ziuzwe, tajiri alipwe kwa tarehe yake. Wafanyabiashara wa mali kauli wanaishi kwa kauli, akiharibu kauli mara moja atakuwa analipa mzigo taslimu mpaka azeeke. Kikibaki kitu kiende kwenye ada ya Upendo. Ada ikipungua, mwandikieni mkuu wa shule mapema muombe kulipa kwa awamu, mapema, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani na begi lake.

Ahadi ya kanisa ibaki ahadi. Simshauri aifute, ningekuwa mimi nisingeifuta. Lakini ahadi inapangiwa ratiba. Aende kwa mchungaji, yeye mwenyewe, si wewe, amwambie: bati sitini nilizitaja kwa moyo, mzigo ule una deni, naomba nilete kumi wakati kenchi zinapanda na nyingine kidogo kidogo hadi mwaka kesho. Mchungaji aliyekaa usharikani amesikia ahadi za harambee za kila namna, wapo walioahidi trekta. Atamshukuru aliyekuja kabla ya kutafutwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho, barua ya pili sura ya 8, kwamba nia ikiwapo mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mumeo kama mzee wa kanisa ameshausoma mstari huo kwa ajili ya wengine mara nyingi.

Ugumu ni nani amfikishe hapo. Umeuliza kama umwambie mchungaji. Bado. Ukienda kwa mchungaji kabla yake, hata ukienda kwa machozi na nia njema, kwake itakuwa mke wangu amenishtaki kwa bosi wangu, na kwenye kikao cha wazee atakaa akijiuliza nani anajua. Hukuniambia kuhusu wasimamizi wenu wa ndoa. Wale wawili waliosimama nyuma yenu siku ile hawakuwekwa kwa ajili ya picha. Kama mmoja yupo hai, hata kama yuko Njombe au Ilembula au amehamia mbali zaidi, yeye ndiye wa kwanza. Msimamizi anaweza kumwambia mumeo "wewe kijana" bila kumvunjia uzee wake wa kanisa. Nendeni wote wawili, siku ya kawaida, si Jumapili. Wasimamizi wakishindwa, ndipo mchungaji. Na juu ya hapo kuna mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, nadhani hamtafika huko.

Lakini kabla hata ya msimamizi umepewa mlango, nawe umeucheka. Somo la vijana! Usilikatae. Mwambie Baba Upendo, "Tukae tuandae somo, tusije tukaaibika mbele ya watoto wa watu." Mzee wa kanisa hakatai kuandaa somo. Chukueni daftari la duka, kurasa za mwezi mmoja tu. Mwambie mnataka mfano halisi wa kuwaonyesha vijana jinsi ya kutenganisha mtaji, faida, sadaka na matumizi ya nyumba. Achukue kalamu yeye. Apige hesabu ya saruji yeye, kwa mkono wake, afike kwenye ile 900 yeye mwenyewe. Wewe mimina chai. Akinyamaza, usijaze huo ukimya kwa "si nilikuambia". Najua utatamani. Kunywa chai.

Mkifika hapo mtakuwa na la kuwafundisha wale vijana, na msiwafundishe kama watakatifu. Waambieni jambo moja la kufanya, kwamba ahadi yoyote inayotajwa hadharani kwa jina la wawili iwe imezungumzwa na wawili nyumbani, na kama MC anawabana papo hapo, jibu ni "tutaleta bahasha Jumapili ijayo". Sentensi hiyo ingewaokoa wengi waliokwishaniandikia. Sijawahi kusikia kanisa lililobaki bila paa kwa sababu mtu aliomba wiki moja.

Mumeo akikataa hata kufungua daftari, hapo omba udhuru kwenye somo. Usiseme sababu, sema tu hamko tayari mwaka huu. Kusimama mbele kufundisha fedha huku hamuongei fedha kungekuchosha kuliko maandazi ya alfajiri.

Sala za jioni. Hili limenikera kuliko bati, niseme kweli. Wanawake wa Pwani wana kanga za kusemeana mafumbo, na kanga ina heshima yake, aliyesemwa anaweza kuvaa ya kwake akajibu. Sala ya mafumbo haina majibu. Utajibuje mtu aliyefumba macho? Ukijibu kwa sala yako, "Bwana, na wanaotoa vya watu uwarehemu", watoto watakaa katikati ya vita ambavyo vinaanza kwa "Baba yetu" na kuishia kwa "Amina", na watakua wakidhani kusali ndiko huko. Usijibu kwa sala. Subiri watoto walale, mwambie: mtoto ameniuliza kama baba huwa anasali au ananisema, na mimi sikujua nimjibu nini. Mwambie maneno ya mtoto kama yalivyo, usiongeze. Mume wako anawapenda watoto wake, anakula nao kila usiku, wewe mwenyewe umesema. Nadhani hili atalisikia haraka kuliko hesabu yoyote. Na mtoto naye mjibu, usimwache na swali lake jikoni: mwambie baba na mama wana jambo la kuongea, na wataliongea wao.

Jumapili asubuhi nayo. Mtume kwa Timotheo alitaka kiongozi wa kanisa awe mtu anayeisimamia vema nyumba yake mwenyewe, akauliza asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Kusimamia nyumba ni pamoja na soksi. Kama anapaswa kuwa mlangoni saa moja, anyooshe suti yake Jumamosi jioni na aondoke na mtoto mmoja. Mkubwa wa waliobaki nyumbani anaweza kukaa benchi la wazee akigawa vitabu vya nyimbo, hakuna atakayekufa. Na wewe panga bahasha zote Jumamosi, pamoja naye. Mtashangaa ni mazungumzo mangapi ya fedha yanaweza kufanyika juu ya bahasha nne.

Nimeyaacha majoho mwisho kwa sababu na wewe uliyaacha mwisho, ukayaita dogo. Mwanangu, si dogo. Bati ni za tajiri, duka ni la mumeo, nyumba ni ya wote. Majoho yalikuwa yako. Ulikata, ulishona, ulipiga pasi kola ishirini na nane, mgongo wako ndio uliouma, na mtu mwingine akapata sifa ya kusamehe deni lako. Nahisi hapo ndipo kimya chako kilipoanzia, kabla ya harambee. Kama sikosei, mwambie hilo kwanza, kabla ya saruji, kabla ya bati. Huna haja ya kulidai kanisa nusu iliyosamehewa, imekwisha, na kwaya ya vijana haina hela, haijawahi kuwa nayo. Lakini mumeo akubali mbele yako kwamba alitoa sadaka isiyo yake, na kwamba kazi ya cherehani ina mwenyewe. Kisha nunua kitabu cha risiti, uandike jina lako juu. Anayetaka joho, iwe kwaya, iwe mchungaji, iwe mzee wa kanisa unayelala naye nyumba moja, alipe nusu kabla hujakata kitambaa, na nusu siku ya kuchukua.

Shangazi